Tungule za Kichwa Chini Kwenye Roshani

"Mwanangu, hayo maji ya matope yanatoka wapi? Yameshukia kanzu ya Ijumaa!"

Nikachungulia. Kanzu nyeupe ya mume wa jirani wa chini ilikuwa imeanikwa, na mchirizi wa rangi ya chai umeshuka toka shingoni hadi kwenye pindo. Juu yake zilining'inia ndoo zangu tatu za tungule, yaani nyanya, zinatona bila haya. Basi kabla hujatoboa ndoo, angalia kwanza chini yako kuna nini.

Napanga Tudor, Mombasa, ardhi sina hata ya kupanda mchicha. Ndiyo maana mnyanya wa kichwa chini ulinivutia: hauli nafasi, hauhitaji vijiti, na ukitumia udongo safi unaepukana na mnyauko na minyoo fundo wa shambani. Ila usidanganywe na picha. Mmea wenyewe hautaki kushuka. Siku chache tu ncha inapinda kufuata mwanga juu, shina linakuwa kama ndoana, mpaka matunda yaje kulivuta chini kwa uzito.

Nilianza na ndoo za rangi za lita 20. Udongo ukilowa, ndoo hiyo inapita kilo 25, na usiku mmoja mkono wa waya ukachomoka. Sasa natumia za lita 10, nyeupe, maana nyeusi inapika mizizi. Toboa tundu la sentimita 5 katikati ya kitako. Chukua mche wa urefu wa kiganja, upitishe majani kutoka ndani kwenda nje, kisha uvishe shina kipande cha sponji ya godoro kilichopasuliwa upande mmoja. Jaza udongo, samadi ya mbuzi iliyooza na makumbi ya nazi yaliyosuuzwa vizuri. Mbegu ziwe za tungule ndogo ndogo, au Cal J ambayo hairefuki sana. Moneymaker itakusumbua.

Yote hayo ni rahisi. Kazi iko kwenye maji.

Ndoo iliyotundikwa inapigwa na upepo pande zote, inakauka upesi kuliko unavyodhani. Msimu wa kwanza mfereji wa maji ya bomba ulikauka siku nne, nikamwagia maji ya kisima ya chumvi. Kingo za majani zikaungua. Mfereji uliporudi nikafidia kwa kumwaga ndoo nzima nzima. Matunda yakatoka na kitako cheusi, nikadhani ni ugonjwa, nikanunua dawa ya bure. Kumbe maji yakipanda na kushuka hivyo, madini ya kalisi hayafiki kwenye tunda, na chumvi inazidisha. Siku hizi nina mtungi mmoja wa maji matamu wa tungule peke yake, hata nyumbani wakinuna. Lita moja alfajiri, lita moja alasiri, polepole kwa kikombe. Ukimwaga kwa pupa yanateremka kwenye shina na kulowesha majani, na ugonjwa wa baka hapo ndipo unapopapenda.

Kosa jingine lilikuwa Januari. Kaskazi hiyo, joto halishuki hata usiku. Maua yalitoka mengi na kupukutika yote, nikawa nafagia manjano kila asubuhi. Panda mwisho wa Mei, mvua kubwa ikipungua, uchume Agosti. Kusi nayo ina upepo, kwa hiyo funga ndoo kamba pande mbili isibembee, la sivyo ukingo wa tundu utalisaga shina.

Kanzu niliichukua nikaifua mwenyewe, ndimu na jua kali, doa likatoka. Ndoo nimezisogeza ndani ya ukuta wa roshani, na chini ya kila moja kuna karai. Maji yanayokusanyika humo asubuhi ndiyo ninayoanza nayo alasiri.