Usiufute wimbo kwa sababu ya mwezi wa kwanza

Ukikaa kwenye bendi ya hoteli huku Diani, pwani ya Kenya, miaka minane kama nilivyokaa mimi, kuna wimbo utaupiga mpaka vidole viujue kuliko wewe mwenyewe. "Red Red Wine" ya UB40. Mgeni wa Kijerumani atauomba, familia iliyoshuka kutoka Nairobi itauomba, na bwana harusi ambaye hajaonja divai maisha yake yote naye atauomba. Mimi ni mpiga besi, na mle ndani besi ndiyo inayobeba nyumba, kwa hiyo sijalalamika sana.

Wiki jana kijana mmoja wa Ukunda alinifuata nikikunja nyaya. Ametoa ngoma yake ya rege, mwezi umekatika, waliosikiliza hawajazi matatu mbili, na anataka kuifuta mtandaoni aanze upya. Nikamwambia, mdogo wangu, kaa chini kwanza nikupe habari za huo wimbo tuliomaliza kuupiga sasa hivi.

UB40 walikuwa vijana wa Birmingham, Uingereza, walioanzisha bendi mwaka 1978 wakiwa hawana kazi. Hata jina walilitoa kwenye fomu ya kuombea posho ya wasio na ajira. Mwaka 1983 wakatoa albamu ya Labour of Love, nyimbo za watu wengine walizokua wakizisikia. "Red Red Wine" wao waliijua kwa sauti ya Tony Tribe, Mjamaika aliyeiimba kwa rege mwaka 1969. Kwenye santuri mtunzi aliandikwa "N. Diamond" tu. Wakaamini huyo ni Mjamaika mwingine, labda Negus Diamond. Kumbe ni Neil Diamond, Mmarekani, aliyeitoa mwaka 1967 ikienda taratibu, ya majonzi, haina hata harufu ya rege.

Uingereza waliipokea kwa mikono miwili, ikakaa namba moja wiki tatu. Marekani ilifika namba 34 mapema mwaka 1984, ikateremka, basi. Na hata kwao hawakufurahi wote. Waliowapenda kwa nyimbo kali za siasa na ukosefu wa kazi walisema jamaa wamelegea, sasa wanaimba vya watu. Kuna usiku nawaelewa hao walalamikaji, hasa nikiombwa wimbo huo mara ya tatu.

Halafu ukaja mwaka 1988. Tarehe 11 Juni UB40 walikuwa kwenye jukwaa la Wembley, tamasha la kumtakia Nelson Mandela heri ya miaka 70, mwenyewe akiwa bado kifungoni. Na kule Phoenix, Arizona, mkuu wa vipindi wa redio aitwaye Guy Zapoleon akaanza kuupiga tena ule wimbo, safari hii ukiwa mzima. Hapo ndipo mimi huwa nasimama. Toleo fupi la mwaka 1983 lilikuwa limekatwa kile kipande ambacho Astro, mmoja wa wanabendi, anaghani juu ya mdundo. Kile ambacho leo, nikianza tu kukishikia besi, wazee wenye vitambi wanainuka vitini! Wamarekani walipopewa wimbo na kipande chake, ukafika namba moja Oktoba 1988. Miaka mitano baada ya kutoka. Neil Diamond mwenyewe baadaye akawa anaupiga jukwaani kwa rege.

Sasa niseme yetu, maana sitoi ushauri wa kusoma tu.

Bendi yetu ya wakati huo tulikuwa watano. Tulichanga pesa za bakshishi msimu mzima tukaingia studio Mombasa kurekodi wimbo wetu wenyewe, rege, dakika tano kasoro. Katikati mpiga dramu aliacha kuimba, akawa anaghani majina ya vituo vyote kuanzia Likoni hadi Lungalunga, kila kituo na tusi lake la mapenzi. Tulicheka mpaka prodyuza akasimamisha mashine. Mtangazaji mmoja tuliyempelekea akasikiliza nusu, akasema ni mrefu mno, kateni hapo katikati. Tukakata. Mpiga dramu hakusema neno, alitoka nje akavuta sigara mbili. Wimbo ulichezwa mara chache usiku wa manane, ukafa. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika, na mwenye studio akauza kompyuta na kila kilichokuwa ndani.

Kosa letu si kukata. UB40 pia walikatiwa. Kosa ni kwamba ule mzima hatukuuweka popote. Kwa hiyo, mdogo wangu, prodyuza akimaliza, usiondoke na faili moja la wimbo. Dai kila chombo kivyake, sauti kivyake, weka kwenye flashi mbili na nyingine mpe mama yako. Toleo fupi wape redio, refu lipige wewe kila unapopata jukwaa. Na mtunzi andikeni jina kamili, la ukoo na la nyumbani, na mgawanyo wa kila mmoja mtie sahihi kabla hamjagombana, maana mtagombana. UB40 wenyewe wameishia kuwa makundi mawili yanayovutana jina. Nambari za mwezi wa kwanza zitazame ukipenda, lakini ni za mwezi wa kwanza.

Najua haya kwa sababu miaka mitatu baadaye nilipanda matatu ya Ukunda kutoka feri, na kwenye spika zake za nyuma nikasikia besi yangu. Nilishtuka kama niliyeitwa jina na mtu nisiyemjua. Ilikuwa ile ndefu! Mtu alituchukua kwa simu tukiipiga kwenye harusi moja Msambweni, imejaa vigelegele na sahani, na madereva wa njia ile wamegawiana mpaka imekuwa wimbo wao. Abiria wanaitikia vituo. Makanga anazidisha vyake.

Mwezi uliopita tulirudi studio, tulio bado pwani, tuurekodi upya. Mpiga dramu siku hizi anaendesha tuktuk. Alivaa vipaza masikioni, akafika Tiwi, akakwama; maneno yamemtoka. Tukampigia simu yule makanga. Akaja na sare yake, akasimama karibu na maikrofoni kama aliye mlangoni mwa gari, akawa anamtajia kituo kimoja kimoja, na kila akikosea anampiga begani: "Hapana, mzee, hapo ulisema hivi."