Protini ilisoma vizuri, kuku wakagoma kukua

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji anayechanganya chakula cha kuku kule Kibaha. "Dada, habari za kazi. Nimenunua laisini, mfuko wa kilo 25. Maabara wamepima protini ghafi, imetoka asilimia 95, na muuzaji ana cheti. Mbona vifaranga wangu wa wiki tatu wanalingana na wa wiki mbili? Nimekosea wapi?"

Laisini ni asidi amino, moja ya matofali yanayojenga protini, na kuku asipoipata ya kutosha hakui. Ujumbe huo niliusoma mara mbili. Nilikuwa kama nasoma barua niliyojiandikia mwenyewe miaka tisa iliyopita.

Wakati ule nilikuwa mpimaji katika kiwanda kidogo cha chakula cha mifugo. Nimetoka chuo, najiamini, koti langu jeupe linapigwa pasi kila asubuhi. Chakula chetu kilitegemea mahindi na mashudu ya alizeti, vitu viwili vyenye laisini kidogo, kwa hiyo bila laisini ya kuongeza hakuna kuku wa nyama hapo. Ikaja shehena ya laisini ya bei nzuri. Nikapima protini kwa njia ya Kjeldahl, ikasoma 95 na pointi. Laisini haidrokloridi safi, yaani laisini kama inavyouzwa mfukoni, inatakiwa isome karibu 95.9. Nikasaini.

Mwezi haukuisha, wateja wakaanza kurudi. Mama mmoja alileta kuku wake kwenye boksi, akamweka juu ya meza yangu: manyoya yamesimama, kifua kimekonda kama kisu. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hiki ndicho mlichopima?"

Sasa nieleze kosa. Johan Kjeldahl alibuni njia yake mwaka 1883 kwenye maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Unachemsha sampuli ndani ya asidi kali ya salfuriki, naitrojeni yote inageuka amonia, unapima naitrojeni iliyomo, unazidisha kwa 6.25 kupata protini. Njia nzuri kabisa kwa mashudu au dagaa. Lakini inahesabu naitrojeni, haiulizi imetoka wapi. Yurea ya shambani ina naitrojeni asilimia 46. Zidisha kwa 6.25, unapata "protini" asilimia 287. Chukua kilo moja ya yurea, changanya na kilo mbili za chokaa, kisha gawa kwa tatu: 95.8. Haina hata chembe ya laisini, na Kjeldahl anakupa alama zote. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vya kuifanyia kazi yurea. Kuku hana.

Hesabu hiyo niliifanya usiku, nimechelewa. Niliweka gramu 2 za ule unga kwenye bakuli la kauri, nikaliingiza kwenye tanuru la digrii 550. Laisini safi inaungua karibu yote. Nilipolitoa bakuli, ndani kulikuwa na unga mweupe, gramu 1.3. Nikadondoshea asidi kidogo, ukatoa povu kama chokaa. Sampuli nyingine nikaiyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, nikatia kijiko cha unga wa soya mbichi, nikafunika. Soya mbichi ina kimeng'enya kinachovunja yurea. Baada ya nusu saa nilifunua: harufu ya banda lisilobadilishwa maranda, yaani amonia iliyotoka kwenye yurea.

Niliandika ripoti. Iliwekwa kwenye droo, nami nikaonyeshwa mlango kwa sababu saini ya kwanza ilikuwa yangu. Mpaka leo hakuna aliyeniomba radhi, na bado inaniuma. Lakini nilijifunza, na leo nina benchi langu mwenyewe. Hakuna mfuko unaopita hapa bila kuchomwa.

Kwa hiyo ndugu yangu, na wengine mnaochanganya chakula: usiagize "protini" unapotaka kujua laisini. Agiza laisini. Kwa mfuko wa laisini wenyewe na kwa premiksi (mchanganyiko wa virutubisho unaotiwa kidogo kidogo kwenye chakula) kuna kiwango cha ISO 17180 cha mwaka 2013. Kwa chakula kilichokwisha kuchanganywa kuna ISO 13903 ya mwaka 2005, na hapo uliza maswali mawili tofauti. Ukitaka laisini yote, sampuli inapikwa na asidi ya haidrokloriki ya molari 6 (molari ni kipimo cha ukali wa asidi), digrii 110, takriban saa 24, kisha mashine inatenganisha asidi amino moja moja, na kemikali iitwayo ninihidrini inazipa rangi ya zambarau. Ukitaka ile uliyoongeza tu, haipikwi: inatikiswa kwenye asidi nyepesi ya molari 0.1, maana iliyo huru inatoka yenyewe na iliyofungwa ndani ya mashudu inabaki.

Methionini, asidi amino nyingine inayoongezwa kwenye chakula cha kuku, ni mkorofi zaidi. Lazima kwanza ioksidishwe kwa asidi ya pafomiki kwenye ubaridi wa digrii sifuri usiku kucha, la sivyo sehemu yake itapotea wakati wa kupika. Na ile methionini ya maji, inayouzwa kama kimiminika, haina kundi la amino, ile sehemu ambayo ninihidrini inaitafuta, kwa hiyo ninihidrini haiioni kabisa. Mwambie mpimaji mapema, usije ukamshtaki muuzaji asiye na kosa.

Na sampuli jamani! Unaweka kilo 2 kwenye tani moja, yaani gramu 2 kwa kilo, halafu unachota kiganja kimoja kwenye mfuko wa juu? Chota mifuko mingi, juu, kati na chini, changanya, gawa mafungu manne, baki na mawili yanayokabiliana, rudia. Watu wanakopa ili walishe kuku hawa. Ada ya shule imo ndani ya mfuko ule. Usisaini kitu ambacho hukukipima, hata bosi akisimama mlangoni.

Yule wa Kibaha nimemjibu asubuhi. Nimemwambia asitupe kilichobaki, achote nusu kilo mbele ya muuzaji, aigawe kwenye vifuko viwili, wote wawili wasaini juu ya gundi. Kimoja abaki nacho. Kingine kinakuja kwangu na basi la kesho, na tanuru nitaliwasha kabla halijafika.