Mashine ya zamani ya kupumulia usingizini: usiitupe haraka

Ndugu, umesema umepata mashine mpya ya kukusaidia kupumua usingizini, na ile ya zamani bado inafanya kazi. Sasa hujui uitupe, uiuze au umpe shemeji yako anayekoroma.

Kwa shemeji, hapana. Kukoroma peke yake hakuthibitishi kwamba pumzi humkatika usiku; apimwe kwanza. Presha ya hewa iliyomo kwenye hiyo mashine uliwekewa wewe. Mashine nyingi huweza kuwekwa presha yoyote kati ya 4 na 20, kwa kipimo cha sentimita za maji, na inayokufaa wewe huenda isimfae yeye.

Kabla ya lolote, igeuze usome modeli na namba yake. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuwa mamilioni ya mashine zake yarudishwe kwake, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ingeweza kumong'onyoka na mgonjwa akavuta chembe zake. Ikiwa yako ni mojawapo, usimpe mtu hata bure.

Kama ni salama, mimi ningeiweka akiba. Mpya ikigoma usiku wa manane, utashukuru. Mwaga maji yote ya kwenye kitangi, kikauke kabisa, toa chujio la zamani, kisha uihifadhi pakavu. Barakoa na mpira wa hewa vilivyochakaa tupa tu.

Ukiamua kuigawa, ipitishie kliniki ya usingizi, na uchomoe kwanza kadi ya kumbukumbu kama inayo. Humo mna taarifa zako za usiku baada ya usiku.