Maswali na Majibu: Fedha Taslimu au Kadi Unaposafiri Ng'ambo

Wasomaji wengi wameuliza jambo moja kwa sura mbalimbali: msafiri anayevuka mipaka abebe noti au ategemee kadi? Nimechagua maswali sita. Msimamo wangu niuseme mapema: kabla ya kuuliza kadi au taslimu, uliza kwanza ni nani anayepanga kiwango cha kubadilishia fedha yako, kwa sababu hapo ndipo msafiri huliwa bila kujua.

Nilikuwa Dubai kununua bidhaa, na mashine ya malipo ikaniuliza kama ninataka kulipa kwa dirhamu au kwa shilingi za Kenya. Nilichagua shilingi kwa kuwa ndiyo fedha ninayoielewa. Je, nilikosea? (Msomaji, Mombasa)

Ulikosea, ingawa mtego wenyewe umetegwa kwa ustadi, na wengi walio wajanja katika mambo mengine hunaswa nao. Ukichagua fedha ya nchi uliyomo, ubadilishaji hufanywa na mtandao wa kadi yako, yaani Visa, Mastercard au mwingine, kwa kiwango kinachokaribia kile ambacho benki hubadilishiana fedha zenyewe kwa zenyewe, kisha benki yako huongeza makato yake ya matumizi ya nje. Ukichagua fedha ya nyumbani, ubadilishaji hufanywa na kampuni inayohudumia ile mashine, ambayo hujipangia kiwango inachotaka na mara nyingi humgawia mwenye duka sehemu ya faida. Ubaya zaidi ni kwamba benki yako inaweza kukukata makato ya nje hata hivyo, kwa sababu duka liko ng'ambo, kwa hiyo unakuwa umelipia jambo moja mara mbili.

Kwa upande wa Dubai, mwenye kadi ya akaunti ya dola ana njia rahisi ya kuhakiki. Dirhamu imefungwa kwenye dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.6725 tangu mwaka 1997, hivyo bidhaa ya dirhamu 1,000 ni sawa na dola 272 na senti kidogo. Mashine ikikuonyesha dola 288, zile 16 za ziada ndiyo bei ya kuoneshwa hesabu kwa fedha uliyoizoea. Swali hilohilo hujitokeza kwenye ATM, tena kwa maneno yanayotisha kidogo, kana kwamba ukikataa hutapata fedha. Kataa ubadilishaji wao, nawe utapewa noti zako kama kawaida. Muuzaji akikuchagulia bila kukuuliza, mwombe afute muamala na kuanza upya kabla hujaweka namba ya siri.

Ninakwenda London kwa mafunzo ya miezi mitatu. Shangazi yangu aliyewahi kuishi huko amenipa pauni taslimu alizokuwa amezihifadhi. Zitanitosha bila kadi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwanza zitazame hizo noti. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 zilikoma kuwa fedha halali madukani baada ya tarehe 30 Septemba 2022, na zile za pauni 5 na 10 ziliondolewa hata kabla ya hapo; zinazotumika sasa ni za plastiki. Shangazi hajakudhulumu, kwa kuwa Benki Kuu ya Uingereza bado inazibadilisha za zamani, lakini usizitegemee kwa chakula cha siku ya kwanza.

Pili, mabasi ya London yaliacha kupokea fedha taslimu Julai 2014, na yapo maduka na migahawa isiyopokea noti hata kidogo. Kadi ya kugusisha kwenye mashine ndiyo nauli yako, na mfumo una kikomo cha siku, kwamba baada ya safari kadhaa haukukati zaidi. Kikomo hicho huhesabiwa kwa kadi moja, hivyo asubuhi ukigusisha kadi na jioni ukagusisha simu yenye kadi hiyohiyo, mfumo huona wasafiri wawili. Kwenye treni za chini ya ardhi gusisha unapoingia na unapotoka, vinginevyo utatozwa nauli ya juu kabisa.

Usichukue desturi ya London ukaipeleka Ulaya yote, hata hivyo. Ujerumani bado ina maduka ya mikate na migahawa midogo inayotaka noti, au inayopokea kadi za benki za huko pekee.

Nina duka Kariakoo na ninakwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza. Wenzangu wa zamani wanasema nibebe dola za kutosha. Ni ushauri mzuri bado? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ulikuwa mzuri kwa zama zao. China ya leo hulipa kwa simu, kuanzia hotelini hadi kwa muuza matunda wa kando ya barabara, na kadi ya plastiki ya kigeni haina nafasi kubwa nje ya hoteli na maduka makubwa. Njia ya mgeni ni kuweka Alipay au WeChat Pay kwenye simu na kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard. Malipo ya hadi yuani 200 hayana ada, na yanayozidi hapo hutozwa asilimia 3. Kwa chakula na teksi, basi, utaratibu huo unatosha kabisa. Kwa mzigo wa dukani asilimia 3 ni faida yako inayoondoka, hivyo mlipe muuzaji kupitia benki, kwenye akaunti ya kampuni yake, uwe na ankara mkononi. Mtu akikutaka umtumie fedha kwenye akaunti ya ndugu yake, ahirisha biashara hiyo.

Beba yuani chache za dharura, kwani sheria za China haziruhusu muuzaji kukataa noti za nchi yake, ijapokuwa chenji inaweza kukosekana. Ukiamua kubeba dola, kumbuka forodha: unapotoka Tanzania unatakiwa kutoa tamko ukiwa na dola 10,000 au zaidi, lakini unapoingia China tamko huanzia zaidi ya dola 5,000. Wafanyabiashara wengi huijua kanuni ya kwanza na kukwama kwenye ya pili.

Mama yangu ni mtu mzima na anakwenda Umra. Hajawahi kutumia kadi na sitaki kumchanganya. (Msomaji, Tanga)

Usimchanganye. Mpe fedha taslimu, sehemu kwake na sehemu kwa kiongozi wa kikundi chake. Riyali ya Saudia imefungwa kwa 3.75 kwa dola, kwa hiyo akipewa 3.70 hajaonewa, na akipewa 3.50 avuke barabara aende duka jingine la kubadilishia fedha. Awe na noti ndogondogo za teksi, sadaka na msukuma kiti cha magurudumu, ndani ya mkoba wa kufunga kiunoni.

Hoteli ilichukua fedha kwenye kadi yangu siku niliyoingia, na siku ya kuondoka nikalipa tena. Mbona salio limepungua mara mbili? (Msomaji, Kampala)

Mara ya kwanza hoteli haikuchukua fedha, ilizizuia. Ni dhamana ya kile unachoweza kukila au kukivunja, na kampuni za kukodisha magari hufanya vivyo hivyo kwa kiasi kikubwa zaidi. Kwa mwenye kadi ya mkopo, kinachozuiwa ni sehemu ya ukomo wa mkopo wake. Kwa mwenye kadi ya akaunti, kama wengi wetu, zinazozuiwa ni fedha zake mwenyewe, na kufunguliwa kwake huweza kuchukua siku kadhaa, pengine wiki. Mimi niliwahi kuishi siku nne kwa chai na mkate katika mji wa watu nikisubiri salio langu lirudi. Siku hizi huuliza kiasi cha dhamana kabla ya kutoa kadi, na ninapoondoka hulipa kwa kadi ileile ili kizuizi kigeuzwe kuwa malipo. Pale hoteli inapokubali dhamana ya taslimu, mimi hutoa hiyo na kudai stakabadhi.

Kadi yangu inafanya kazi vizuri hapa nyumbani. Kuna la kufanya kabla ya kusafiri? (Msomaji, Dodoma)

Lipo, na husahauliwa kuliko yote: laini ya simu. Benki zetu hutuma namba za uthibitisho wa malipo ya mtandaoni kwenye laini uliyosajili, na msafiri anayeitoa laini hiyo ili aweke ya ugenini hujikuta ana kadi yenye fedha isiyoweza kulipia hata tiketi ya treni. Washa huduma ya laini yako kutumika nje ya nchi (roaming) kabla ya kupanda ndege, uhakikishe ujumbe unaingia, na uiache laini hiyo kwenye simu.

Iombe benki ifungue kadi kwa matumizi ya nje na ikuambie ukomo wa siku na makato yake. Chukua kadi mbili za benki tofauti, moja mfukoni na nyingine kwenye begi la chumbani. Mwisho, andika kwenye karatasi namba ya simu ya benki yako ikiwa na 255 mbele yake, kwa maana zile namba fupi za huduma kwa wateja tulizozoea kwa kawaida hazipigiki kutoka nje, na simu yenyewe inaweza kuibwa siku moja na kadi.