Re: Mtori wa mzazi unakuwa mweusi na kugandamana

Dada, weusi wa mtori (ile supu nzito ya ndizi na nyama anayopewa mama aliyejifungua) unatokana na ndizi kukaa wazi baada ya kumenywa. Zitumbukize papo hapo kwenye maji yenye limau, kisha zisuuze kabla ya kupika. Hapa Moshi chukua ndizi aina ya mshare, mbichi kabisa. Ikianza kuiva mtori unakuwa mtamu, haufai.

Kwa nyama kilo 1 yenye mifupa, weka maji lita 3 na kitunguu, chemsha moto mdogo saa moja na nusu, ukiengua povu. Toa nyama, ndizi 12 ziive kwenye supu hiyohiyo. Ponda zikiwa za moto; zikipoa, wanga hukaza na mabonge hayaondoki. Ukizidi kuwa mzito, ongeza supu ya moto, usiongeze maji baridi. Maziwa, kama unapenda, yaingie mwisho baada ya kuepua, la sivyo, kama umeweka nyanya, itayakata.

Kuhusu lishe: mzazi anapata nguvu, maji na potasiamu, na nyama inampa protini na madini ya chuma, kwa hiyo mrudishie minofu bakulini! Wengi wanamnywesha supu tupu wakidhani mifupa imetoa kalisi yote. Inatoa kidogo mno. Kalisi aipate kwenye maziwa na dagaa.