Kazi za wateja wa zamani kwenye portifolio: maswali yenu na majibu

Maswali mengi mnayonitumia siku hizi yanaangukia sehemu moja, kazi za frontiendi (upande wa saiti ambao mtu anauona na kuubonyeza) ambazo mtu alishawafanyia wateja huko nyuma, azioneshe vipi kwenye portifolio, yani saiti yake ya kuonesha kazi alizofanya, aandike nini chini yake, na je anaruhusiwa kweli. Nimechukua machache nikayafupisha, majina nimeyatoa.

Kaka, saiti karibu zote nilizotengeneza hazipo tena, na zilizobaki mteja alishampa mtu mwingine akazibadilisha. Nikiweka linki watu wanakuta kitu kisicho changu. Nifanyeje?

Pole, ila hii inampata karibu kila frilansa, yani mtu anayejitegemea bila kuajiriwa. Cha kwanza toa hizo linki leo hii, manake mtu akibofya akakuta kazi ya mwingine atahisi unadanganya hata kama hukukusudia. Kisha nenda Wayback Machine, ile ya Internet Archive inayohifadhi kurasa za zamani za intaneti, ipo wazi kwa watu wote tangu 2001, unaandika anwani ya saiti alafu unatafuta tarehe iliyo karibu na siku ilipoenda hewani. Ukiikuta piga skrinishoti, ya kompyuta na ya simu zote mbili. Ila usishangae ukikuta imevunjika, saiti zinazotegemea JavaScript (lugha ya programu inayoendeshwa na brauza) kuchora kila kitu mara nyingi zinarudi ukurasa mweupe au menyu haifunguki.

Kwa kazi zijazo jizoeshe hivi: siku saiti inapoenda hewani, kabla mteja hajaanza kubandika mapicha yake mwenyewe, piga skrinishoti za kurasa kuu, rekodi video fupi ukiskroli kwenye simu halisi, endesha Lighthouse, zana ya Google ya kupima kurasa, uhifadhi ripoti, na kama makubaliano yenu yanaruhusu baki na kopi ya faili za mwisho. Video mi naithamini kuliko picha, kwasababu kazi ya frontiendi ni mwendo, menyu inavyofunguka, fomu inavyomwambia mtu amekosea wapi, na hayo picha haiwezi kuyaonesha.

Nilisaini mkataba wa usiri na mteja mkubwa, na ndo kazi yangu nzuri kuliko zote. Naweza kuiweka hata bila kutaja jina?

Rudi kwenye mkataba usome maneno yenyewe, usitegemee kumbukumbu. Kuna mikataba inakataza kutoa taarifa za biashara tu, na kuna mingine inakataza hata kusema kwamba mliwahi kufanya kazi pamoja, na hiyo ya pili kuficha jina hakukusaidii kama skrini inamtambulisha mteja. Watu wengi wanachanganya hapa: katika nchi nyingi frilansa anabaki na hakimiliki ya alichoandika mpaka aihamishe kwa maandishi, tofauti na mwajiriwa, ila kuwa na hakimiliki hakukupi ruhusa ya kutoa siri uliyoahidi kuitunza. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

Kama mlango umefungwa kabisa, muandikie mteja umuombe. Mpe kitu kamili cha kukubali au kukataa, yani skrini hizi tatu na aya hii moja, sio "naomba kuonesha kazi". Mtu akiona maneno yenyewe anaamua haraka. Akikataa basi, eleza aina ya tatizo kwa ujumla ndani ya mipaka ya mkataba, na kama ujuzi ulikuwa kwenye kitu kimoja, tuseme jedwali lenye maelfu ya safu lisilokwama, jenga la kwako upya kwa data za kubuni na kodi mpya (maandishi ya programu) uliyoandika mwenyewe. Usikopi kodi ya mteja ukabadilisha rangi.

Na kwa mteja anayefuata, weka sentensi hii kwenye makubaliano kabla hujaanza: "Mtengenezaji anaruhusiwa kuonesha picha za kazi iliyokamilika na kumtaja mteja kwenye portifolio yake baada ya saiti kwenda hewani." Wateja wengi hawana neno nayo mwanzoni, ni rahisi mno kuliko kuja kuomba mwaka mmoja baadaye wakati aliyekuajiri alishaondoka na hakuna anayekujua pale.

Tulikuwa timu, dizaina alikuwa mwingine, bakiendi, yani upande wa seva na data, mwingine, mi nilifanya kurasa chache tu. Nikisema nilitengeneza hiyo saiti nitakuwa nadanganya?

Ndio, utakuwa unadanganya. Sema ulichofanya: "dizaini haikuwa yangu, nilijenga ukurasa wa bidhaa na kikapu kwa React, pamoja na vitufe na fomu zilizotumika saiti nzima." (React ni maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa.) Hiyo haikushushi hata kidogo, mtu anayeajiri anajua saiti kubwa haijengwi na mtu mmoja, na akiona umetenganisha vizuri anakuamini na kwenye mengine. Dizaina akikubali kutajwa mtaje.

Dada yangu mmoja ambaye ni mwajiri aliangalia portifolio yangu akasema ni picha tupu. Kweli nimeweka picha na jina la mteja basi. Sasa niandike nini?

Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri. Picha ya saiti inamuonesha mtu dizaini, na dizaini mara nyingi hata sio yako. Kazi ya frontiendi iko chini ya picha, kwa hiyo usipoiandika haionekani kabisa. Mteja alikuja na shida gani, ulikuta nini ulipofungua kodi, uliamua nini na kwanini, kipi kilibadilika. Hayo ndo ya kuandika, na yanaingia kwenye aya moja ya kawaida.

Tuchukue mfano. Mteja anauza viatu mtandaoni, analalamika watu wa simu wanaondoka. Unafungua ukurasa wa bidhaa kwenye simu ya kawaida yenye intaneti ya kusuasua, unaona maneno yanatokea kwanza, kitufe cha "Nunua" kiko katikati ya skrini, unanyoosha kidole kukibonyeza, picha kubwa ya kiatu inaingia ghafla juu yake, kila kitu kinasukumwa chini na kidole kinaangukia linki nyingine. Hilo ndo tatizo. Unaangalia kodi unakuta picha haina vipimo, brauza haijui iiachie nafasi kiasi gani mpaka faili ifike, na faili yenyewe ina upana wa pikseli 4000 kwa skrini ya simu, alafu juu ya hapo kuna mtu aliipa picha hiyohiyo ya kwanza loading="lazy", agizo la kuchelewesha picha mpaka mtu aikaribie, yani ile ambayo ingepaswa kuwahi ndo inacheleweshwa. Marekebisho ni kuandika width na height (upana na urefu) kwenye img, tagi ya picha, ili nafasi itengwe mapema, kuandaa saizi kadhaa kwa srcset, orodha ambayo brauza inachagulia, ili simu ichukue ndogo, kubadili faili kwenda WebP, aina ya faili nyepesi ya picha, na kutoa lazy kwenye picha ya juu uiache kwa zile za chini tu.

Ukiandika hivyo, hata mtu asiyejua kodi anaelewa umemsaidia mteja, na anayejua kodi anaona unajua unachofanya. Alafu ndo uweke namba. Google wana vipimo vya Core Web Vitals ambavyo vinaeleweka kokote: kitu kikubwa kwenye skrini, yani LCP, kionekane ndani ya sekunde 2.5, kurukaruka kwa ukurasa, yani CLS, kusizidi 0.1, na ukibonyeza kitu ukurasa ujibu ndani ya milisekunde 200, hicho kinaitwa INP na kilichukua nafasi ya kipimo cha zamani, FID, Machi 2024. Weka namba ya kabla na ya baada, useme ulipima kwa zana gani na lini. Kama hukupima usibuni, elezea tu kilichoacha kutokea. Na usiseme mauzo yalipanda kama mteja hakukupa hizo takwimu na ruhusa ya kuzitaja, naona watu wanaandika "niliongeza mauzo mara dufu" na huwezi kujua ni wao au ni tangazo la mteja la mwezi ule.

Nina kazi ya 2014, jQuery (maktaba ya JavaScript) na floti (njia ya zamani ya kupanga ukurasa) tupu. Niifute?

Kama una mpya za kutosha, ndio, iache ipumzike. Kama bado ni kazi unayojivunia iweke na mwaka wake uonekane wazi, na sentensi moja ya mazingira ya wakati ule, kwasababu CSS Grid, njia ya kisasa ya kupanga kurasa, iliingia Chrome, Firefox na Safari Machi 2017, na wateja wengi walikuwa bado wanadai saiti ifanye kazi kwenye Internet Explorer, brauza ambayo Microsoft waliistaafisha Juni 2022. Kupanga safu kwa floti 2014 haikuwa uzembe. Ila mtu asipoona mwaka atadhani ndo unavyoandika leo.

Sijawahi kupata mteja hata mmoja. Nitengeneze kampuni za kubuni?

Tengeneza miradi ya mazoezi na uandike ni ya mazoezi. Kampuni ya kubuni ukaiita mteja wako, hapana, swali la kwanza la "mlikubaliana vipi na mteja" linakumaliza. Bora kuliko hapo ni kutafuta mtu wa kweli mwenye shida ndogo, kikundi, chama, fundi mwenye saiti isiyosomeka kwenye simu, umfanyie kitu kimoja mpaka kiishe, kwasababu huko utakutana na mambo ambayo mazoezi hayakupi: mtu anayebadili mawazo, maandishi yanayochelewa, logo iliyotumwa kama picha iliyopigwa kwa simu.

Portifolio yenyewe niweke animesheni nyingi ili ionekane nimebobea?

Weka unachoweza kukitetea. Mi nikifungua portifolio ya mtu wa frontiendi nabonyeza Tab kwenye kibodi kwanza, naangalia kama naona niko wapi na kama naweza kufika kwenye linki ya mawasiliano bila mausi. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe yanaumiza wenye macho dhaifu, WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya saiti zitumike na watu wote, kwa kiwango cha AA inataka uwiano wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake, na devutuzi za brauza, yani zana zake za watengenezaji, zinakuonesha huo uwiano hapohapo. Animesheni ziheshimu prefers-reduced-motion, mpangilio wa mtu anayetaka mwendo upungue, kuna watu wanapata kizunguzungu kweli kweli. Picha za kazi zako zipe alt, yani maelezo ya maandishi ya picha, inayosema kinachoonekana, sio "skrinishoti 1".

La mwisho: mteja hakunimalizia malipo na kazi yangu anaitumia. Naruhusiwa kumuweka kwenye portifolio, na niseme hakunilipa?

Kuiweka inategemea mkataba kama nilivyosema juu, deni peke yake halikupi wala halikunyimi hiyo ruhusa. Kusema hakulipa, usiseme pale. Anayesoma portifolio ni mteja mpya ambaye hajui upande wa pili, atakachokiona ni ugomvi na atajiuliza yeye ataandikwa nini. Deni lidai kwa maandishi, ankara na tarehe, na likishindikana lipeleke kwa wanaohusika na mikataba ulipo. Na kazi inayofuata chukua sehemu ya malipo kabla ya kuanza, na faili za mwisho zikabidhiwe malipo yakishakamilika, yote mawili yawe yameandikwa mkiwa bado mnaelewana.