Mtoto akitanguliza makalio, panga safari mapema

Wiki ya 34 nesi wa kliniki alinipapasa tumbo, akatulia, akarudia. Kile kitu kigumu cha mviringo kilichokuwa kinanisukuma mbavu, kumbe kilikuwa kichwa. Nilivuka bahari na pantoni kurudi kwangu Kigamboni, ng'ambo ya jiji la Dar es Salaam, nikilia.

Dada yangu, ukiambiwa hivyo wiki ya 34, bado muda upo. Wengi hugeuka wenyewe. Mimba ikitimia, wanaobaki hivyo ni kama 3 au 4 kati ya 100. Wala usijilaumu kwamba ulilala vibaya au ulibeba ndoo. Wakati mwingine ni uvimbe kwenye kizazi, au kondo la nyuma limekaa chini. Mara nyingi sababu haionekani kabisa.

Wifi yangu alitaka anipeleke Mbagala kwa bibi anayekanda matumbo. Nilimkatalia kwa heshima, na wewe kataa. Kugeuza mtoto kwa mikono ni kazi ya daktari aliyeifundishwa, kuanzia wiki ya 36 au 37, mapigo ya moyo wa mtoto yakifuatiliwa na chumba cha upasuaji kikiwa karibu, maana kondo linaweza kubanduka. Kwa wastani hufanikiwa karibu nusu ya mara. Wangu aligoma, tukapanga upasuaji wiki ya 39.

Hapo ndipo nilipoogopa bahari. Chupa ikipasuka, makalio au miguu haizibi njia vizuri kama kichwa, na kitovu, ile kamba inayomuunganisha mtoto na kondo, kinaweza kutangulia kikabanwa, mtoto akakosa hewa. Nami nikae ng'ambo, nihangaikie usafiri saa nane za usiku? Shangazi yangu wa Ilala alinikatiza kwenye simu: "Mwanangu, njoo, kitanda kipo." Nikahamia kwake wiki ya 37, begi langu na kadi ya kliniki mlangoni, namba za madereva wawili wa teksi ukutani.

Maji yakimwagika, nenda hospitali hapo hapo, hata kama uchungu haujaanza. Ukiona au kuhisi kitovu kimetoka, usikirudishe ndani. Piga magoti, kifua chini, makalio juu, ubaki hivyo mpaka usafiri ufike; ndani ya gari lala kwa ubavu wa kushoto, mto ukiwa chini ya nyonga, mpaka mfike.

Binti yangu alizaliwa salama. Kabla hujaruhusiwa, omba mtoto apimwe nyonga, kwani waliotanguliza makalio huwa na hatari zaidi ya nyonga kutokaa sawasawa, hata wakizaliwa kwa upasuaji. Mimi niliuliza mwenyewe, hakuna aliyekuwa amenitajia.